Supu Safi ya Mama Baluku

Kifo cha Mama Baluku nilikisikia redioni, saa ya matangazo ya misiba, nikiwa jikoni kwangu hapa Bulembia nikimenya vitunguu. Mtangazaji alisoma kwa Lhukonzo, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yetu tuliokuja: bibi mmoja wa Bwera, mjane, mama yake afande Baluku, mama mkwe mwema, mazishi kesho nyumbani kwake. Nilizima jiko nikakaa. Machozi hayakuja mara moja. Kilichokuja ni ile tabia yangu ya siku zote: nilijikuta nimeikodolea macho sufuria yangu mwenyewe, nakadiria maji ni kiasi gani, nyama kiasi gani, mafuta yanayoelea yana unene gani. Kazi hii ya kukadiria chakula imenilisha tangu nikiwa binti. Majirani hunicheka kwamba nikialikwa arusini simtazami bibi arusi, natazama mabakuli, na hawasemi uongo. Supu nzito hunifurahisha. Supu safi, ile ambayo wengine huisifu kwamba unaona mpaka chini ya kikombe, huwa inanitia huzuni, na sijawahi kumweleza mtu sababu. Sababu ni mama huyo aliyetangazwa, na ule mwaka mmoja niliokaa Bwera.

Nilikotoka na walionilea niwaache wapumzike; habari yao ni ndefu na haihusu supu. Ilikuwa katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi, nina cheti kipya cha lishe, na hospitali moja ndogo ya Bwera ilikuwa imekubali kunichukua. Nilipanga chumba nyuma ya ghala la kahawa, katika safu ya vyumba ambavyo kuta zake hazikufika bati, kwa hiyo maneno ya jirani yalipita juu na kunishukia kitandani. Kushoto walikaa mume na mke waliozungumza Lhukonzo tu, nami sikuijua. Walikuwa watu wa kucheka sana, na hakuna kitu kigumu kama kusikia kicheko kila jioni bila kujua wamecheka nini. Kulia alikaa mke wa askari kutoka kaskazini, aliyewalea wanawe kwa Kiswahili cha kambini: “Kula! Maliza! Nawa! Lala!” Huyo nilimwelewa vizuri, ila hakuwa na neno la kuniambia mimi zaidi ya “Habari ya kazi.” Chakula changu kilikuwa chapati iliyoviringishiwa mayai, ile tunayoiita roleksi, na chai ya rangi. Nilikuwa nakula nimekaa kitandani, mlango wazi, ili mtu akipita niweze kumwambia karibu. Walipita wengi. Wote walijibu “asante, tumeshiba,” kwa adabu kabisa, wakaenda zao. Mtu wa lishe nikawa nakonda, na hospitalini walianza kunitania kwamba daktari wa meno hakosi pengo.

Kabugho aliletwa wodini mvua za kwanza zikianza. Alikuwa na umri wangu, mwenye mabega mapana ya mtu aliyezoea ndoo, lakini ngozi ya shingo ilikuwa imeanza kulegea. Alikuwa mtengenezaji wa sabuni za mche, akiziuza soko la Mpondwe, pale mpakani. Magadi makali ya kutengenezea sabuni yalikuwa yamechanganywa na maji katika chupa ya maji ya kunywa, chupa ikakaa jikoni kwa mama mkwe wake, na Kabugho alirudi kutoka shamba na kiu akapiga funda moja. Kidonda kilipona. Kovu ndilo lililobaki, likawa linaliziba koo polepole: kwanza lilikataa ugali, kisha maharagwe, kisha uji mzito, na alipofika kwetu lilikuwa linapitisha maji na supu tu. Hata sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Daktari aliniita pembeni. “Koo linaweza kupanuliwa,” alisema. “Wataalamu wanakuja Kasese mvua zikiisha. Lakini mtu mwepesi namna hii hawatamgusa, atawafia mezani. Wewe ndiye mtu wa chakula. Muongeze uzito, mimi nitampeleka.” Sikuhitaji kuambiwa upande wa pili wa maneno hayo. Wataalamu wakija wamkute amekonda, watarudi walikotoka, na koo litaendelea kuziba hadi likatae maji yenyewe.

Watu hudhani kukadiria chakula ni hesabu tu. Ndizi unaiweka kwenye mizani. Yai ni yai. Lakini supu inakudanganya mchana kweupe, kwa sababu vitu vinaingia chunguni vikiwa na majina na kutoka vikiwa maji. Njia bora ni kupima kila kitu kikiwa kibichi, kupima chungu kitupu, kupima tena kikiwa kimeiva, halafu kugawanya kwa vikombe. Njia hiyo inataka uwe jikoni mwa mtu. Kama huko jikoni, unauliza. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Mama Baluku alikuwa anafika kila mchana na chungu kichwani, kimefungwa kwa kitenge. Alikuwa mdogo wa umbo na mnyoofu wa mgongo. Maisha yake yote alikuwa akifanya biashara ya mawese, akivuka kwenda Kongo na kurudi, na Kiswahili chake kilikuwa cha upande ule. Alifungua chungu, akamimina katika kikombe cha bati, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha ili wodi nzima ione, akapiga funda kubwa yeye mwenyewe, akasubiri, akafuta ukingo, ndipo akampa mkwe wake. “Ona,” alisema, si kwa Kabugho, kwa wodi. “Iko safi. Unaona mpaka chini.” Nilidhani ni mbwembwe za kizee. Nikasogea na kalamu yangu, kwa heshima zote nilizofundishwa, nikamuuliza, “Mama, humu umeweka nini?”

Wodi ilinyamaza. Mama aliyekuwa akimsuka mwanawe alishikilia nywele mkononi. “Unaniuliza nimeweka nini?” alisema Mama Baluku, taratibu. “Hata wewe, musawo?” Musawo ndivyo wanavyomwita kila mtu wa hospitali, hata yule anayefagia. Alifunga chungu chake akaondoka bila kuaga. Sista wa zamu alinivuta mkono hadi barazani. “Ile swali hapa haiulizwi,” aliniambia. “Mugonjwa iko mu kitanda, mama mukwe analeta supu, wewe unamuuliza ameweka nini? Ni kusema ameweka sumu. Na huyu, ndiyo sumu yenyewe banamusemea.” Ndipo nikajua kwamba mji mzima ulikuwa umeshaamua. Chupa ilikuwa jikoni kwa mama mkwe. Nani mwingine angeiweka? Mara nikaanza kusikia kile kilichokuwa kikisemwa siku zote chini ya dirisha langu. Shangazi yake Kabugho, aliyeshuka kutoka Bwesumbu kuja kumuuguza, alikuwa akikaa pale kwenye majani na wanawake wengine, akisema kwa Kiswahili kusudi sisi wa ndani tusikie: “Kikulacho kiko mu nguo yako. Mutoto wetu aliingia ile nyumba muzima. Na sasa anayemupikia ni nani? Ni ule ule.” Mmoja alisema mama mkwe si anaonja kwanza. Shangazi akacheka. “Mwenye sumu anajua dawa yake. Hata mimi ningeonja.”

Kesho yake Mama Baluku alikuja tena, uso umefungwa. Alipomaliza kumnywesha Kabugho, alinigeukia kabla sijafungua mdomo. “Andika,” aliamuru. “Nyama, kilo moja. Mifupa ya goti. Ngege mbili, samaki ya Kahendero. Karanga ya kutwanga, mikono mbili. Mawese, kijiko ya kupakulia. Umeandika?” Niliandika. Nilikaa na majedwali yangu, nikajumlisha, nikagawanya, nikatoa hiki na kile kinachobaki chunguni, na jibu lilinifurahisha: kwa vikombe vile, Kabugho alipaswa kunenepa. Kwamba supu yenyewe ilikuwa safi mno kwa mawese na karanga hizo, sikujiuliza; niliamini karatasi. Mizani ya wodi ilikataa. Kila tulipomsimamisha juu yake, mshale ulikuwa umerudi nyuma kidogo. Niliilaumu mizani, nikajipima mimi, nikapima gunia la maharagwe la jikoni, nikakuta mizani haina kosa. Nikashuku labda Kabugho anaimwaga supu. Nikakaa naye mpaka tone la mwisho. Ikabaki shaka ile niliyokuwa naikwepa, kwamba mama ananidanganya, na kama ananidanganya kwenye nyama, basi watu wa chini ya dirisha huenda wanajua jambo. Shaka hiyo ilinishika vibaya. Nilikuwa sina mtu wa kuipeleka. Nililala nayo chumbani, jirani zangu wakicheka juu ya ukuta.

Mwalimu wetu chuoni alikuwa ametufundisha njia ya maskini: kama huwezi kuiona supu ikipikwa, iache ipoe, itajisema yenyewe. Mafuta yatapanda juu na kuganda, kilichosagwa kitashuka chini, na supu ya mifupa iliyochemka vizuri itatetemeka ukiitikisa. Nilichota kiasi katika chupa ya jemu nikaiweka dirishani kwangu hadi asubuhi. Juu hapakuwa na kitu. Chini hapakuwa na kitu. Nilipoiinua niliona sabuni yangu upande wa pili, na maandishi yake nikayasoma bila taabu. Nilionja: chumvi, na harufu ya nyama. Kikombe kizima cha maji yale hakikufika yai moja kwa lishe. Mgonjwa wetu alikuwa akinyweshwa harufu.

Niliomba ruhusa nikaenda kwa Mama Baluku asubuhi ileile, na hakunificha kitu; nadhani hakuwa na nguvu tena ya kuficha. Jiko lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Nyama ilikuwa kilo yake, mifupa ilikuwepo, ngege wawili walikuwepo, na karanga alizitwanga mbele yangu. Alipika kwa uaminifu mtupu, na harufu ilinifanya nimeze mate, mimi niliyekunywa chai kavu. Supu ilipoiva ilikuwa nyekundu kwa mawese na nzito kwa karanga, haswa ile niliyoiandika. Kisha akaiepua, akaiacha itulie, akaanza kuyaengua mafuta kwa kijiko, kimoja kimoja, akiyatia kwenye kopo. Akakunja kitambaa cheupe mara mbili, akachuja. Akakifua kitambaa, akachuja tena. Kilichobaki kitambaani, nyama na samaki na karanga, chakula chote, alikiweka juu ya jani la mgomba akawaita watoto wa jirani. Walikuja mbio, walikuwa wamezoea.

“Mama,” nikasema, “kwa nini?”

“Supu nzito inaficha,” alinijibu bila kunitazama. “Mutu akiona nyekundu, akiona kitu imekaa chini, atasema, ile ni nini? Hii, batasema nini? Iko kama maji. Hata mutoto muchanga anaona hakuna kitu.”

“Lakini anakonda.”

“Naona. Si niko na macho?” Hapo alikaa chini kwenye kigogo, kitambaa kimelowa mapajani. “Nikimupa nzito, akufe na ugonjwa yake, banasema nilimuua. Nikimupa safi, akufe, ni Mungu. Basi napika maji, musawo. Maji ya kunitetea. Na usiku sisinzii, juu najua napika nini.”

Nilimkasirikia sana. Nilitaka kumwambia kwamba anamuua kweli, kwamba jina lake na uhai wa mtu si sawasawa. Lakini nilikuwa nimeona jinsi wodi ilivyonyamaza kwa swali langu moja, na nilikuwa sijawahi kuishi mahali ambapo watu wote wanatazama mkono wangu unaingiza nini chunguni. Hasira yangu ilipoa mbele ya kile kitambaa. Nikamsaidia kubeba chungu, na njiani hakuna aliyetusalimia, wala yeye wala mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutembea na mtu Bwera.

Mchana huo simu ya Kabugho ililia, naye akanipa mimi, kwa kuwa yeye hakuweza kusikika. Alikuwa mumewe, Baluku, askari, aliyekuwa kambini upande wa mbali wa nchi. Alizungumza kama anasimamisha gari.

“Wewe ni mutu ya chakula?”

“Ndiyo, afande.”

“Sikia. Hapana zunguka. Banapiga simu hapa kila siku, shangazi, majirani. Nataka jibu moja. Mama yangu anaua bibi yangu, ndiyo ao hapana?”

“Hapana, afande. Anampikia maji, kwa kuogopa watu.” Nikamweleza kila kitu, kitambaa, mafuta, jani la mgomba. Nilisikia mtu akipiga filimbi huko kwao.

“Ruhusa wamekataa,” alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. “Mimi ningeonja mwenyewe.” Kisha: “Wewe, kwenu ni Bwera?”

“Hapana.”

“Una ndugu hapo? Una bwana? Shamba? Kanisa?”

“Sina mtu,” nikasema. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti, na nilishangaa jinsi lilivyotoka jepesi.

“Basi utaonja wewe. Huna upande. Bataamini. Ni amri.” Akakohoa. “Tafadhali, musawo.”

Siku hiyo upweke wangu ulipata kazi. Nasema hivyo leo nikitabasamu, ila wakati ule niliogopa. Mimi pia nilikuwa nimesikia maneno ya chini ya dirisha, na maneno ukiyasikia mara nyingi huingia hata kama umeyafungia mlango. Nilimfuata Mama Baluku nikamwambia: alete supu nzito, nyama ameitwanga kinuni na kuipitisha kwenye chujio la chai ili isikwame kooni, mafuta yake yote humo, na mimi nitainywa mbele ya kila mtu. “Na ukiumwa na tumbo kwa roleksi zako?” aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifanya mzaha, na hakuwa anatania hata kidogo.

Aliileta. Ilikuwa nyekundu, ya kuzuia jicho, na ilipomiminwa wanawake watatu waliinuka kwenye vitanda vyao kuitazama. Shangazi wa Bwesumbu alisimama miguuni mwa kitanda, mikono imefungwa kifuani. “Kunywa,” aliniambia. “Si kugusa na mudomo. Kunywa.” Nilikunywa hadi nusu ya kikombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa hofu, sikuwa nimejiandaa kwa utamu: karanga iliyokaangwa kidogo kabla ya kutwangwa, moshi wa ngege, mawese, na ule uzito wa nyama unaokaa kwenye ulimi. Hakuna mtu aliyekuwa amenipikia tangu nifike mji ule. Macho yalinilowa, na shangazi akayaona, akasogea karibu. “Umeanza kuumwa?” Nikataka kujibu, nikacheua, kwa sauti, mbele ya wodi yote. Mwanamke mmoja alianza kucheka, wakafuatia wengine, na Kabugho alicheka hadi akakohoa, akijishika koo. Halafu akanyoosha mkono akachukua kikombe, akanywa kilichobaki, kidogo kidogo, akipumzika katikati.

Ikawa hivyo kila siku. Mama Baluku alimimina, mimi nikanywa sehemu yangu, tukasubiri, Kabugho akanywa yake. Katika makadirio yangu nililazimika kutoa kiasi cha muonjaji, na kwa wiki za kwanza muonjaji ndiye aliyenenepa; gauni langu la kazi lilianza kubana mgongoni. “Wewe ndiye utapelekwa Kasese,” Kabugho alininong'oneza. “Bakupasue, batoe supu yangu.” Alikuwa na utani mkali kwa mtu asiye na sauti. Ili kumsikia nilipaswa kuinama, sikio karibu na mdomo wake, na nadhani mwaka ule wote hakuna aliyekaa karibu nami kama yeye. Aliniambia nani ana deni sokoni, jinsi ya kujua sabuni imekomaa, maneno ya Lhukonzo ya kumjibu jirani anayecheka. Siku moja aliniambia na habari ya chupa. “Niliiweka mimi,” alinong'ona. “Nilikosa kopo. Nikasahau.” Nilimuuliza kwa nini hawaambii watu. “Nimewaambia. Banasema namuogopa.” Akaniangalia. “Na ningepiga kelele na nini, Kevina? Na hii?” Akagusa shingo yake. Mlangoni Mama Baluku alikuwa amesimama na chungu chake kitupu, akisubiri aone kwamba supu imekaa tumboni mwa mkwe wake, ndipo aondoke, peke yake, kwa njia ileile. Hakuna aliyemsindikiza. Mimi niliweza kumsindikiza na sikufanya hivyo, kwa sababu nilitaka kubaki na Kabugho dakika zile zilizobaki za chakula.

Nimeishi na watu tangu wakati huo. Nimeolewa, nimezika mume, nimelea. Lakini nikiulizwa chakula kitamu nilichowahi kula ni kipi, ninawaza kikombe kile cha bati cha watu wawili, na ninajua kwamba kilikuwa kitamu kwa sababu mtu alikuwa mgonjwa. Hilo si jambo la kumwambia mtu mezani. Kila mshale wa mizani ulipopanda kidogo nilifurahi kama ilivyonipasa, na ndani yangu kulikuwa na kona moja iliyokuwa haifurahi, ikihesabu kwamba siku zangu za kualikwa zinakwisha. Mvua zilianza kupungua. Daktari alimsimamisha Kabugho kwenye mizani, akaigonga na kidole kama asiyeamini, akamwandikia barua ya kwenda Kasese.

Alikwenda na shangazi. Mama Baluku alibaki; ukoo wa Bwesumbu haukutaka aende. Nilimwona sokoni siku zile, amekaa nyuma ya madumu yake ya mawese, na watu walikuwa wakinunua kwa jirani yake. Nilinunua chupa moja ambayo sikuihitaji. “Banasema nini hospitali?” aliniuliza. Nikamwambia bado hatujasikia. “Akifa huko,” alisema, akinirudishia chenji, “batasema ni supu yangu imemufuata.” Habari ilipokuja kwamba koo limefunguka na mgonjwa amemeza uji mzito bila taabu, daktari ndiye aliyenituma niende nikamwambie. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akaendelea kufuta madumu. Uji si kitu, nilimwelewa. Uji ulikuwa umepikwa na hospitali.

Kesho nitapanda gari kwenda Bwera kumzika. Watanikalisha na wageni, watanipa sahani, na sijui kama atakuwepo mtu wa kuniuliza mimi ni nani. Yule wanayemzika Bwera ni mama mkwe mwema. Nimelisikia jina hilo redioni, na nimefurahi kwamba hivyo ndivyo walivyoandika. Mimi nilikuwepo siku jina hilo lilipopatikana.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, uani kwa Mama Baluku, siku ya kumshukuru Mungu kwa kupona kwa Kabugho. Walikuja watu wa kanisa, majirani, na ukoo wa Bwesumbu, ambao walikaa upande mmoja wa ua na mifuko yao mapajani, kama wenye safari. Mimi nilikaa benchi la mwisho. Mama Baluku alitoka jikoni na sahani ya mgonjwa, ya kwanza, kabla ya watu wote: obundu, ule ugali wa muhogo wa kwao, umefunikwa mchuzi mzito mwekundu, na nyama haikutwangwa. Alisimama mbele ya mkwe wake kama alivyosimama wodini, sahani mkono wa kushoto, na kwa kulia akakata tonge, akalichovya, akaliinua ili kila mtu amwone akilipeleka kinywani.

“Mama, wacha,” alisema Kabugho.

Watu wengine walishtuka, kwa kuwa walikuwa wamesahau sauti yake. Ilikuwa nene, na ilifika hadi barabarani. “Wacha kuonja. Nasikia njaa.” Aliivuta sahani kutoka mkono wa mama mkwe wake, akakata tonge lake, kubwa kuliko adabu, akachovya, akatia mdomoni, akatafuna, akameza. Ua mzima ulikuwa unamtazama shingo. Tonge lilishuka. Akakata lingine. Shangazi wa Bwesumbu akaweka mfuko wake chini, akanawa, akasogea, akaingiza mkono katika sahani ileile. Mtu alipiga vigelegele. Mama Baluku alikuwa bado amesimama na tonge lake vidoleni, hajui alipeleke wapi, hadi Kabugho akamvuta kitenge akae, naye akakaa katikati yao, akalila.

Mimi nilikuwa nimeshainuka nusu kwenye benchi, mkono mbele, kwenda kuonja. Hakuna aliyeniona. Nikakaa tena.